Leseni kwa Mikono Miwili

Nimerithi hasira za baba na magoti ya mama. Hasira hunipanda upesi, lakini magoti hunikunjika upesi zaidi. Nikikutana na mtu aliyenizidi umri, kabla sijafikiri lolote nimeshainama na shikamoo imeshatoka. Kwetu Mpitimbi, kijiji cha karibu na mji wa Songea, mtoto wa kike hulelewa hivyo. Mkubwa humpi kitu kwa mkono mmoja, hata kiwe kijiti cha kiberiti. Unakunja goti, unakitoa kwa mikono miwili, na yeye akishakigusa unaachia papo hapo, kwa sababu ukichelewa kuachia ataona kwamba hukutaka kumpa. Nimefanya hivyo tangu sijajua kuhesabu vidole vyangu, na sikuwahi kudhani kwamba adabu hiyo ingekaribia kunipokonya kazi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa na sote tulikuwa kama watu waliokunywa kahawa kali. Mitumba ilimwagika sokoni Songea, maduka ya Msamala yalipanga sabuni za kila rangi, wanunuzi binafsi wa kahawa walipishana barabarani kwenda Mbinga, na watu binafsi wakaruhusiwa kurusha ndege za kukodi. Mimi niliajiriwa na kampuni changa ya Dar es Salaam iliyokuwa na ndege moja ya injini moja, viti sita, na marubani wawili. Mwenzangu alikuwa mwanamume mwenye uzoefu mkubwa. Miezi ya mwanzo niliruka akiwa kando yangu, akinitazama mikono. Halafu siku moja tajiri wetu akanikabidhi ndege peke yangu, na safari yenyewe, amini usiamini, ilikuwa ya Songea. Alinionya jambo moja tu: nikiharibu, ndege inarudi kwa mwenzangu na mimi natafuta kazi nyingine.

Nilikwenda bila abiria, kumchukua mnunuzi mmoja wa kahawa. Nilipoiona milima ya Matogoro imejitokeza mbele nilianza kucheka peke yangu. Nilicheka kwa sauti, nikaimba nyimbo za kanisani, nikajiita kapteni mara tatu au nne nisikie inavyosikika. Nilizunguka juu ya mji kabla ya kutua, na nakiri kwamba nilizunguka mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Mama alikuwa amepelekewa habari, na nilitaka anione vizuri.

Alikuwa pale, kweli, kwenye kivuli cha jengo la kiwanja, amevaa kitenge chake cha Pasaka, na miguuni pake ana kiroba cha maharage. Nilimpigia goti nikiwa na shati jeupe na mistari ya urubani mabegani. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema neno kwa Kingoni ambalo sitaliandika hapa maana ni langu. Halafu akasema, "Maharage haya ni mapya. Huko Dar mnakula ya zamani." Nilikitupa kiroba nyuma ya ndege nikiwa na furaha tele, nikaanza kuangalia mafuta ya injini. Abiria wangu alikuwa ameshakaa juu ya begi lake la sampuli za kahawa, anatazama saa. Ilitakiwa tuondoke kabla ya saa nane, ili tufike Dar jua lingalipo.

Hapo ndipo alipotokea mzee wa suti ya Kaunda, na faili kwapani. Alikuwa na mvi za kuheshimika na mwendo wa mtu ambaye hajawahi kusubirishwa. "Mimi ni mkaguzi wa usafiri wa anga," alisema. "Rubani yuko wapi?"

"Ni mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe?" Alitazama nyuma yangu kama vile rubani halisi alikuwa amejificha. "Haya, lete leseni."

Chuoni tulifundishwa sheria za anga na mwalimu mmoja mkali sana. Alitukaririsha kwamba mkaguzi akikujia, kwanza unamwomba kitambulisho. Akishajitambulisha, ni wajibu wako kumwonyesha leseni, cheti cha afya na karatasi za ndege, na ni haki yako kuzirudisha mfukoni mwako. Nilipata alama za juu katika somo lile. Lakini mwalimu yule hakuwa mtu wa Songea, na mtihani haukuwa na mvi. Niliichomoa leseni, goti likakunjika, mikono miwili ikatoka, na alipoigusa tu nikaachia.

Aliisoma mbele na nyuma. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena. Halafu akaiingiza kwenye mfuko wa koti lake na kufunga kifungo.

"Nitakwenda nayo Dar kuihakiki," alisema. "Mimi nasafiri kwa basi keshokutwa. Ukija ofisini wiki ijayo utapewa jibu."

Bila leseni mkononi siruhusiwi kuwasha hata injini. Ndege ingelala Songea, mwenzangu angetumwa kuja kuichukua, na ukapteni wangu ungekuwa umedumu asubuhi moja, mbele ya mama yangu mzazi.

"Mzee, nimekuonyesha tu," nilisema. "Sikukupa."

"Umenipa. Tena kwa mikono miwili." Alifungua faili, akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti, polepole, kama karani wa mahakama: "Rubani amesalimisha leseni kwa hiari yake."

Hiari. Neno lile lilinichoma. Kama angeandika kwamba amenipokonya, ningekuwa na mahali pa kulalamika. Lakini kusalimisha kwa hiari ni sawa na kusema nimeacha mwenyewe. Mnunuzi wa kahawa alinijia sikioni, akaninong'oneza, "Dada, mwombe msamaha yaishe." Nikamwuliza msamaha wa kosa gani. Akarudi kwenye begi lake. Mama alikuwa hatua kumi hivi, ametulia, haelewi bado. Hasira za baba zilikuwa zimefika kooni, na nilijua zikitoka tu nimekwisha, kwa sababu ningekuwa binti aliyemfokea mzee mbele ya mamaye, na hapo hata maharage yangenikataa.

Kwa hiyo nikarudi mwanzo wa somo, kwenye hatua niliyoiruka. "Mzee, samahani sana," nilisema. "Naomba na mimi nione kitambulisho chako."

Alisimamisha kalamu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwomba. Akachomoa kadi kutoka mfuko wa suruali na kuinyoosha mbele ya macho yangu. Ilikuwa kadi halali, yenye picha na muhuri. Mimi, kwa ujinga wangu uleule, nikakunja goti na kutanguliza mikono miwili kuipokea. Aliivuta haraka, akaikaza kati ya vidole vyake.

"Hapana, hapana," alisema. "Hiki kinaonyeshwa. Hakitolewi."

Nilisimama wima. Nakumbuka nilijisikia mrefu, na mimi si mrefu hata kidogo.

"Hata leseni, mzee," nilisema. "Hata leseni inaonyeshwa, haitolewi. Sheria ni ile ile. Mimi nimekupa kwa mikono miwili kwa sababu wewe ni mkubwa kwangu, na kwetu hapa mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja. Mama yangu yule pale, muulize. Ile ilikuwa shikamoo ya mikono, haikuwa hiari. Kama leseni ina kasoro, niandikie kasoro yenyewe, nitaijibu. Kama haina, naiomba."

Alimtazama mama, ambaye baada ya kuona anatazamwa na mzee mwenzake naye akakunja goti na kumwamkia kwa heshima zote kutoka kule kivulini. Sikuwahi kumpenda mama kama nilivyompenda dakika ile. Mkaguzi aliitikia, akatazama chini, na nikaona pembe za mdomo zinacheza. Alifungua kifungo cha koti. Alikata mstari ule wa hiari kwa kalamu, mara mbili, akanirudishia leseni yangu.

"Sehemu ninayotoka mimi," alisema, "mtu akikupa kwa mikono miwili ni chako. Haya. Ukaguzi haujaisha. Karatasi ya uzito."

Nilitaka kuruka bila ndege. Nilimletea kila kitu mbiombio: cheti cha afya, kitabu cha saa zangu za kuruka, karatasi za ndege na ile ya uzito wa mzigo, zote nikimwonyesha huku nimezishika mwenyewe, naye akizisoma akiwa ameinamisha shingo. Ndipo akauliza, "Mzigo wote uliomo ndani umeandikwa humu?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na kiroba kilikuwa nyuma ya begi langu, kisingeonekana. Lakini nilikuwa nimetoka kuidai sheria kwa sauti ya juu, mate hayajanikauka mdomoni. Nisingeweza kuichukua haki na kuacha wajibu palepale kwenye kokoto.

"Hapana, mzee. Kuna kiroba cha maharage cha mama. Sikukipima wala sikukiandika."

"Kina kilo ngapi?"

"Sijui."

"Basi?"

"Basi nakishusha."

Nilikishusha mwenyewe. Kiwanjani hapakuwa na mizani, na rubani hawezi kukisia uzito kwa mkono kama mtu anayenunua kuku. Nilikibeba begani na mistari yangu yote, nikakirudisha miguuni pa mama. Mkaguzi aliandika neno moja kwenye faili, akaligeuza nilione: *Sawa*. Alinipa mkono, akaondoka na mwendo wake uleule.

Mama hakuwa na habari ya sawa. Alikitazama kiroba, akanitazama. Alikuwa ameyapepeta maharage yale kwa siku mbili, akayachagua moja moja, akayabeba kutoka Mpitimbi.

"Umeyakataa," alisema.

"Sikuyakataa, mama. Sheria."

"Yule mzee amekuwa na karatasi yako muda wote ule, nikadhani anakunyang'anya. Kumbe mmekwenda kuelewana juu ya maharage yangu." Alinikingia mikono, miwili, viganja juu. "Lete hiyo karatasi niione, hiyo inayoshusha maharage ya watu."

Mama hajui kusoma, lakini sura yangu anaijua. Niliichomoa leseni. Goti lilikunjika lenyewe, mikono miwili ikatoka yenyewe, nikaiweka viganjani mwake. Alifunga vidole juu yake, akaivuta.

Haikwenda. Nilitazama chini nikaona vidole vyangu vimeng'ang'ana upande wa pili. Alivuta tena, kwa nguvu kidogo, na bado haikwenda. Maisha yangu yote sikuwahi kumzuilia mama kitu. Nilisikia uso unawaka, nikaanza kusema nisamehe, lakini vidole havikufunguka.

Mama aliacha kuvuta. Aliinama juu ya leseni ikiwa imeshikwa na mikono minne, akaitazama picha yangu kwa muda mrefu, akaitazama mistari ya begani, akaitazama ndege nyuma yangu na yule mnunuzi anayehangaika na saa yake. Kisha yeye, mkubwa wangu, ndiye aliyeachia kwanza.

"Nimeona," alisema. "Nenda, watu wanakusubiri."