Mduara wa Njano

Asubuhi ile Stefania aliamka kama siku zote, akachemsha chai, akatoka nayo hadi upenuni, kisha akaisahau. Maboya yake ya kuvulia yalikuwa yananing'inia kwenye uzi, kumi na matatu, bado rangi ya mwisho. Kasmiri, mumewe, alikaa kwenye kigoda akisubiri kumiminiwa. Hakumiminiwa. Mkewe alichukua boya moja, akalichomeka kwenye spoku ya baiskeli, akachovya unyoya wa kuku kwenye kopo la rangi ya njano, akainama.

Kasmiri akaona ndio wakati wa kufikisha ujumbe. Jabiri, mvuvi wa ndoano pale Makuyuni na mteja wao wa miaka mingi, alikuwa amemtuma jana yake. Maboya ya mama ni mazuri, alisema, yanaelea wima, lakini ile njano aiache. Wenzake mtoni wanamcheka kwamba anavua na shanga za mwanamke. Apake nyeusi tupu. Na Kasmiri, badala ya kumtetea mkewe, akaongeza la kwake: kwani hiyo njano ina nini, mama Rhoda, si uache tu yaishe.

Stefania alimjibu bila kuinua uso. Jibu lile halikumpendeza Kasmiri. Akajimiminia chai mwenyewe, akainywa, akachukua jembe. Saa nane mchana alikuja kuitwa kule shambani, akakimbilia nyumbani. Alimkuta mkewe sakafuni kashika kichwa. Jua halijazama, Stefania alikuwa ameshaondoka duniani.

Kazi ile Stefania aliipata kwa baba yake, mkata mkonge aliyekuja na mkataba kutoka mbali na kwao hakurudi tena. Mkonge ukizeeka huchipua mlingoti mmoja mrefu katikati, ukatoa maua, ukafa. Mlingoti huo ukikauka, ndani huwa mwepesi ajabu. Wenye haraka walikata ungali mbichi, utomvu ukawawasha hadi viwikoni, na boya lenyewe likanywa maji likazama. Stefania alingoja miezi mitatu. Alikata urefu wa kidole, akachonga kwa wembe, akapiga msasa, akatoboa kwa spoku iliyochomwa motoni, akapaka vanishi. Chini nyeusi, samaki asishtuke. Juu nyekundu. Katikati ule mduara wa njano, mwembamba, umefungana sawasawa. Hakuna mwingine Korogwe nzima aliyeuweka.

Siku ya arobaini ndugu walikusanyika kugawa vitu vyake. Kanga zikaenda kwa dada zake, masufuria kwa binti yake Rhoda. Kaleb, mdogo wake Kasmiri, ndiye aliyesimamia. Yalipofikiwa maboya akasema hayo hayana mrithi, basi achukue Jabiri. Jabiri alikuwepo, na msasa mfukoni.

“Nitakwangua hizo rangi, mzee, nipake nyeusi,” alisema. “Kazi ya mama haitapotea.”

Watu wakaitikia. Kasmiri akainuka kwenye kigoda.

“Hayo hayagawiwi,” alisema.

“Kaka, wewe ndoano yenyewe hujawahi kushika. Utayafanyia nini?”

“Nitayamalizia.”

“Kwa mikono hiyo ya jembe?”

Wakacheka, hata dada za marehemu. Kasmiri akaingia ndani, akatoka na spoku, unyoya na kopo. Rangi ilikuwa imefanya ngozi juu. Akaitoboa kwa kijiti. Akakaa pale pale kwenye kigoda, mbele ya macho yote. Boya la kwanza aliuzungusha unyoya, mstari ukaenda upogo kama njia ya mlevi. La pili likawa baya zaidi. Kaleb akamwinamia, akamwambia taratibu aache, anajiaibisha mbele ya wageni.

Hakuacha. Akafumba macho. Akaviona vidole vya mkewe asubuhi ile. Mkono wa unyoya ulikuwa umetulia tuli. Kilichokuwa kinazunguka ni spoku.

Akachukua la tatu. Akautuliza unyoya, akaisokota spoku kwa vidole viwili, polepole. Njano ikatembea yenyewe, ikazunguka, ikakutana na ilikoanzia. Haikunyooka kama ya Stefania. Ilifungana lakini. Hakuna aliyecheka. Akapaka yote yaliyobaki, kisha akarudi kwa yale mawili ya upogo, akayafuta, akayarudia.

Aliyaning'iniza kwenye uzi wake, akamwambia Jabiri yakikauka aje achukue anayotaka, na njano yake.

Jabiri aliomba japo mawili yasiyo na njano.

“Hakuna.”

“Sasa mzee wangu, wale wakinicheka niwaambie nini?”

Kasmiri akampa jibu la Stefania la asubuhi ile, neno kwa neno, kama alivyolisema akiwa ameinama:

“Mto ukijaa tope, nyekundu haionekani, nyeusi haionekani, njano yangu inaonekana. Anayeona aibu afumbe macho, ila samaki akimlia chambo akaenda zake, asije kunililia mimi.”