Mama Ashika Usukani

Baba alipofariki alituachia landrova yake kuukuu, nami nikaendelea kuitunza nyumbani kwetu Chumbageni: kuipiga grisi, kusafisha plagi, kuiwasha kila asubuhi ili betri isilale. Mama alikuwa ameiosha miaka yote ya ndoa yao, lakini hakuwahi kuiendesha.

Siku chache baada ya kumaliza eda alinikuta nikipima oili.

"Mwanangu, nifundishe kuendesha."

"Mama, klachi yake ni nzito. Hata mimi mguu huniuma."

"Mguu ni wangu."

Tukaenda kwenye kiwanja cha mpira, Makorora. Gari lilimzimikia mara tatu, na mara ya nne likaruka hadi nikagonga kichwa. Nikamwambia tupumzike. Aliufunga mtandio wake vizuri, akawasha tena, akaachia klachi taratibu, na gari likaondoka kwa ulaini ambao mimi sijawahi kuupata. Tulizunguka kiwanja mpaka ilipoadhiniwa alasiri.

Sasa ana leseni. Kila Alhamisi hunipeleka Muheza kununua machungwa, nami hukaa kushoto. Akiniona nimeshikilia mlango husema, "Tulia, mwanangu. Tutafika."