Paka wa Marehemu Abdulkarim

Mwanakhamisi alipomaliza eda, watu wa Mbalizi walidhani atauza duka la mchele na kuhamia Iringa kwa binti yake Nasrin. Hakuhama. Alifungua duka, akakaa nyuma ya magunia kwenye kiti cha mumewe, Abdulkarim, na wateja walipomuuliza kama haogopi kuishi peke yake katika nyumba ile, aliwajibu kwamba hayuko peke yake, yupo Bosi.

Bosi alikuwa paka dume, wa kijivu, mnene, mwenye shavu kama la mtu aliyeshiba pilau. Alipoingia dukani mara ya kwanza alipanda juu ya gunia, akawakodolea macho wabebaji, na Abdulkarim akasema huyu amekuja kusimamia kazi. Jina likamkaa. Tangu mazishi, paka yule alilala juu ya mkeka wa marehemu wala hakuna aliyemwondoa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mwanakhamisi hakumwambia mtu, hata Nasrin. Alikuwa bado anamsikia mumewe. Hakumsikia akiita wala akiongea. Alizisikia kandambili zikiburuzwa uani kuelekea chooni, kisha kimya kirefu, kisha mguno wa mtu anayejikaza. Ndivyo ilivyokuwa siku zote za mwisho, kabla Abdulkarim hajaenda Madibira kununua mpunga. Mkewe alipomuuliza ana nini, alisema ni kibaridi tu cha Mbeya. Kutoka Madibira uliletwa mwili, pamoja na habari kwamba ilikuwa homa kali. Watu walimzika, wakasoma hitima, wakatawanyika. Mguno ulibaki nyumbani.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya mabati, Mwanakhamisi aliusikia tena. Safari hii haukutoka chooni. Ulitoka nyuma ya jiko, palipokuwa na rundo la mchanga wa ujenzi. Alitembea akishika ukuta mpaka akafika.

Alikuwa Bosi. Amechuchumaa mchangani, mkia unatetemeka, anaguna kwa sauti nzito. Akainuka, akasogea hatua chache, akachuchumaa tena. Mwanakhamisi alikwenda kupapasa mchanga kwa kiganja. Ulikuwa mkavu wote.

Jirani yake, Mama Shedrack, alichungulia juu ya ukuta.

"Huyo choo kimemkaza," alisema. "Mpe mafuta ya kula."

Mafuta aliyakataa. Hata dagaa hakuwagusa. Alikuwa akijilamba chini ya tumbo bila kupumzika, akirudi mchangani na kutoka bure. Kufikia adhuhuri alitapika povu, akajiingiza nyuma ya magunia, na kila alipoguswa alitoa sauti ambayo paka hana.

Mama Shedrack alikuja na kidonge cha panadol mkononi, akaketi.

"Nikwambie kitu, usikasirike. Huyu alikuwa paka wa marehemu. Mwenyewe anamwita. Mpe nusu ya hiki apunguze maumivu, halafu mwache aende."

Mwanakhamisi hakumbishia. Ndilo wazo lililokuwa likimzunguka tangu asubuhi. Jirani alipoondoka, aliinama gizani kati ya magunia akasema kwa sauti ya chini, "Kama unamtaka, mchukue. Lakini usimtese hivi." Hakuna aliyemjibu ila paka. Akakivunja kidonge, akatafuta kijiko.

Hapo ndipo kirikuu ya Masanja iliposimama nje na mzigo wa mchele.

Masanja alikuwa Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, naye sasa analima mpunga Madibira. Alikuwa rafiki wa Abdulkarim kwa miaka mingi, na ndiye aliyeuleta mwili. Tangu siku ile alikuwa akishusha mzigo, anasalimia, anaondoka, macho yake hayatui usoni mwa mjane. Leo alimkuta amepiga magoti na kijiko, naye akapiga magoti.

"Tangu lini yuko hivi?"

"Asubuhi. Wanasema choo kimemkaza."

"Mkojo umeuona?"

Mwanakhamisi alifikiri. "Hata tone."

"Basi si choo, shemeji. Mkojo umeziba. Nimeona maksai wakifa hivi. Na nimeona..."

"Nani mwingine?"

Masanja alivua kofia, akaikunja. "Tutafute tenga. Nitakwambia njiani."

Walimweka Bosi ndani ya tenga, wakamfunika kwa khanga, wakashika barabara ya kwenda mjini. Wakaipita Iyunga. Kisha Masanja akaanza, akitazama mbele tu.

"Mzee alizibwa mkojo kule shambani. Alikuwa anakwenda porini, anasimama, anarudi. Akatafuta mizizi akanywa. Tumbo likajaa huku chini, likawa gumu. Nikamwambia twende hospitali. Akasema haya itamuua, avuliwe nguo mbele ya wasichana wanaolingana na mwanawe. Akaniapisha nisikwambie. Siku nilipombeba kwa nguvu nikampakia kwenye gari, alikuwa hasemi tena."

"Ukaniambia homa."

"Yeye ndiye alisema tuseme homa."

Mwanakhamisi aliitazama ile khanga ikipanda na kushuka juu ya tenga. Alidhani atalia, au atampiga. Hakufanya lolote.

"Endesha haraka," alisema.

Daktari wa mifugo waliyeelekezwa, karibu na Mwanjelwa, alikuwa msichana anaitwa Happy, ndiyo kwanza anatoka kwenye banda la nguruwe la mtu, buti zake bado zina matope. Alinawa, akamweka Bosi mezani, akaligusa tumbo kwa ncha za vidole, taratibu.

"Kibofu kimejaa, kimekuwa kigumu kama chungwa. Mmemminya?"

"Hapana."

"Vizuri, kinaweza kupasuka. Dawa?"

"Nilitaka kumpa nusu panadol."

"Mungu amekuzuia, mama. Ile ni sumu kwa paka, hata kipande kidogo." Alikuwa tayari anavuta dawa ya usingizi kwenye sindano, akiongea bila kuacha kazi. "Jike njia yake ya mkojo ni pana kidogo. Dume yake ni nyembamba mno, chenga kama za mchanga na ute kidogo tu vinaiziba. Mkojo ukikaa, sumu inarudi kwenye damu, figo zinafeli, moyo unasimama. Watu wanadhani ni choo, wanasubiri kesho. Ungemlaza mpaka kesho nisingekuahidi kitu. Hata sasa sikuahidi."

Paka alilala. Happy aliingiza mrija mwembamba kuliko kijiti cha kuchokolea meno. Ukakataa. Akasukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano, akasubiri, akajaribu tena. Ukakataa. Masanja alikuwa amesimama mlangoni, kofia kifuani kama mtu aliyeko msibani. Mara ya tatu mrija uliteleza ndani, na mkojo ukaanza kushuka kwenye beseni, mwekundu kama chai ya rangi, ukitiririka bila kukoma.

Mwanakhamisi alisikiliza ule mchirizi, na hapo ndipo kilio kilipomjia.

"Mrija," alisema. "Alihitaji mrija tu."

Happy alidhani anasemwa paka, akaitikia kwamba ndiyo, mara nyingi mrija hutosha, ukiwahi. Masanja alitoka nje.

Bosi alibaki kwa daktari akitundikiwa maji, mrija umeshonewa mpaka mkojo ulipokuwa mweupe. Aliporudi Mbalizi alikuwa amekonda na ana hasira na kila mtu. Happy alimwelekeza Mwanakhamisi aweke bakuli za maji sehemu kadhaa, maana paka wengi hawana mazoea ya kunywa, dagaa wake waoshwe chumvi, apewe pamoja na mchuzi wao, na chakula kikavu kipungue. Akamwambia pia kwamba ugonjwa huu hupenda kurudi. Na kweli ulirudi, siku za mwanzo za Ramadhani. Safari hii Mwanakhamisi hakumuuliza jirani. Alipomwona anachuchumaa mara ya pili na mchanga ni mkavu, aliita bajaji, na kabla ya adhuhuri mrija ulikuwa umeshaingia.

Kandambili za uani hazikukoma. Alitegemea zingenyamaza akishajua ukweli, lakini kuna siku mlango wa choo unalia na hakuna upepo, naye huacha anachofanya akasikiliza mpaka mwisho. Haogopi kama zamani. Kinachomuumiza ni kwamba sasa anaelewa.

Masanja alipoleta mchele wa msimu uliofuata, Mwanakhamisi alisimama mbele yake.

"Shemeji, wewe unakojoa vizuri?"

Mwanamume yule alicheka, akaangalia wabebaji kama wamesikia. Kisha kicheko kikaisha. "Usiku naamka sana."

"Na ukienda?"

"Unakatika katika. Nasubiri."

Mwanakhamisi alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo tangu msiba alikuwa amelifanya kwa ajili ya Bosi tu. Alikwenda naye hospitali, akakaa naye kwenye benchi, na alipoitwa ndani alimshikia kofia. Masanja alitoka na dawa na tarehe ya kurudi. Walimwambia tezi dume imevimba na amewahi. Walipofika nje akamnyooshea Mwanakhamisi simu.

"Mpigie wewe Mama Mbuke, umweleze. Mimi siwezi kumwambia mke wangu mambo haya."

Mwanakhamisi hakuipokea. "Mwambie mwenyewe. Mimi nipo hapa."

Masanja alisimama na simu mkononi, akaipa barabara mgongo, akapiga. Aliongea Kisukuma, polepole, akinyamaza katikati, na Mwanakhamisi hakuelewa neno hata moja isipokuwa hospitali.