Maji ya Kisima cha Kwetu

Asubuhi ile niliondoka Nchelenge bila mpango, nikadandia lori la samaki hadi Lusaka. Katika nyumba ya wageni niliyoingia, dada wa mapokezi alikuwa akihamisha matumbawe ya baharini kwenda tangi jipya la kioo. Aliyaacha kwanza kwenye ndoo yenye maji yao ya zamani, huku maji ya tangi yakiingia tone kwa tone kupitia kamrija.

"Ukiyatumbukiza ghafla, yanakufa," aliniambia.

Nikamkumbuka mama, mchana tulipovuka ziwa kutoka Kongo tukikimbia vita. Wenzetu walibeba masufuria. Yeye alibeba bidoni, dumu la maji ya kisima chetu. Pale Kabuta, kambi ya wavuvi karibu na Nchelenge, kati ya harufu ya samaki wanaokaushwa na vicheko vya watu wanaosema Kibemba, alinichanganyia kikombe: nusu maji yetu, nusu ya pale.

"Kunywa, mutoto. Tumbo yako haiyazobelea mayi ya huku."

Aliogopa maji ambayo tumbo langu lilikuwa halijayazoea. Nilikimaliza, nikaomba kingine, na kingine tena.

"Weye! Utapasuka!" alicheka.

Sikumwambia kwamba nilitaka bidoni liishe upesi. Niliamini likiwa tupu tungerudi nyumbani kuchota mengine.

Liliisha. Hatukurudi.

Yule dada wa mapokezi alinipa ufunguo wa chumba. Nilitoa chupa niliyoijaza asubuhi Nchelenge, nikamimina nusu kikombe, nikajazia maji ya bomba la pale. Safari hii nilikunywa polepole.