Mama Taratibu, Mpakaji wa Joka Lililo Chini ya Mji

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya dobi, mwaka ule joka lilipojigeuza usingizini na mnara wa kanisa letu ukapasuka kuanzia juu hadi mlangoni. Mama yake alikuwa akipiga pasi uchungu ulipomshika, na wanawake waliomzalisha walisimulia baadaye kwamba mtoto hakulia alipotoka. Aliangaza macho huku na huku kama mgeni aliyekaribishwa vizuri, akapiga miayo, akalala. Baba yake ndiye huyo dobi, mtu mpole wa maneno machache ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni tangu ujana. Mtoto alikua akijua kukunja shuka kabla hajajua kusoma, na majirani walimpenda kwa sababu alikuwa msikivu. Ukimweleza jambo la nyumbani kwako leo, mwezi ujao atakuuliza limeishia wapi.

Kwa wale wanaosoma haya wakiwa mbali nasi, yafaa kueleza kwamba mji wetu umejengwa juu ya mgongo wa joka. Waliouanzisha walidhani ni kilima. Walipogundua kosa lao nyumba zilikuwa zimeshasimama na watoto wameshazaliwa, wakaamua kubaki, maana joka lilikuwa limelala fofofo. Nalo huendelea kulala maadamu ngozi yake haikauki. Ikikauka huwasha, na likiwashwa hujikuna, na joka likijikuna mitaa mizima huporomoka. Kwa hiyo tangu enzi hizo wamekuwapo wapakaji, watu wanaoshuka kwa ngazi ya mawe iliyo nyuma ya soko, wakiwa na ndoo za mafuta ya nyonyo, vitambaa na brashi, kulipaka joka gamba kwa gamba. Wakimaliza mkia, wanaanza upya kichwani. Watu wa juu hawakupenda kuwafikiria. Waliwapisha njiani kwa sababu ya harufu yao ya mafuta na moshi uliopoa, na hata kanisani benchi lao lilikuwa la mwisho, karibu na mlango, wala hakuna mtu mwingine aliyeketi hapo hata siku ambayo kanisa limefurika.

Wito wake ulikuja kwa njia ya magoti ya shangazi yake. Huyo shangazi, dada wa yule dobi, alikuwa mpakaji kwa muda mrefu, na msichana ndiye aliyempelekea chakula kila adhuhuri hadi kwenye mlango wa ngazi. Siku moja alimkuta ameketi kwenye ngazi ya juu, magoti yamevimba kama maboga, akilia si kwa maumivu bali kwa sababu bega la kushoto la joka lilikuwa halijapakwa na hapakuwa na wa kumpokea. Msichana aliweka chakula chini, akachukua ndoo, akasema atashika kazi mpaka apatikane mtu. Tunaweza kusema leo kwamba huyo mtu hakupatikana tena, maana alikuwa ni yeye mwenyewe. Mama yake alipopata habari alilia akisema nani sasa atamwoa. Baba yake alikwenda kabatini, akatoa mashuka makuukuu, akaanza kumchania vitambaa.

Tusidhani kwamba watakatifu huzaliwa bila woga. Alipoliona joka kwa mara ya kwanza, ubavu ule mpana ukipanda na kushuka katika mwanga wa taa, aligeukia ukuta akatapika. Shangazi yake, aliyekuwa ameshuka kwa kukalia ngazi moja baada ya nyingine, alimngoja amalize, akampa maji ya kusukutua.

"Hata mimi nilitapika," alimwambia. "Sasa anza hapa begani. Taratibu, mwanangu. Huyu si sufuria."

Neno hilo taratibu alilitunza. Alilitumia kwa kila mpakaji mgeni aliyemfundisha kazi, na kwa kila aliyekimbia kwenye zile ngazi zenye utelezi, hata likawa ndilo jina lake, na jina alilobatizwa likabaki kwenye midomo ya wazazi wake tu. Lakini zaidi ya utaratibu alikuwa na desturi nyingine iliyowachekesha wenzake. Alipokuwa akipaka alilisimulia joka habari za mji: nani amejifungua, nani amegombana na mkwe wake na wamepatana vipi, paa la nani linavuja. Walipomuuliza faida yake ni nini, alijibu kwamba mbebaji anastahili kujua amewabeba akina nani.

Aliolewa na mwoka mikate, aliyekuwa akileta mikate ya wapakaji kila asubuhi na ambaye alianza kuileta kabla haijaiva sawasawa ili tu awahi kumwona. Walipomuuliza kuhusu harufu, alisema amesimama mbele ya tanuri tangu utoto na pua yake haijui tena kitu kingine isipokuwa mkate. Mama mkwe alinuna kidogo, kisha akazoea. Aliyekataa kabisa ni kaka mkubwa wa mumewe, mchimba visima, mtu hodari na mwenye kiburi cha kazi yake. Alitangaza kwamba mpakaji hataketi kwenye kiti cha nyumbani kwake, na watoto wake wasile kitu kutoka mkononi mwake. Mama Taratibu kila alipopita mbele ya nyumba ile alisimama barabarani, akawaamkia wote, akaulizia afya ya mdogo wao mwenye kifua kibovu, akaenda zake. Kwa miaka mingi hakuitikiwa ila na watoto, kwa kunong'ona. Alimwambia mumewe kwamba inamuuma. Akasema pia kwamba ataendelea kusalimia, kwa kuwa akiacha ataanza kumchukia shemeji, na hapendi kushuka kazini na chuki.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka wa ukame. Minyonyo ilinyauka mashambani na mafuta yakapungua, hata wapakaji wakawa wanapaka kwa ncha ya kitambaa. Wakati huohuo visima vya juu vilikauka kimoja baada ya kingine. Yule mchimba visima, na hapa tusimhukumu, aliwaona majirani wakipigania matope, akaamua kuchimba kwenda chini kuliko alivyowahi kuchimba mtu yeyote. Asubuhi moja, watu wakiwa wamezunguka shimo na ndoo zao tupu, alipiga mtaimbo na ardhi ikafunguka chini ya miguu yake. Alianguka ndani ya pango la joka, juu ya rundo la vitambaa vya zamani vilivyomwokoa mifupa. Mtaimbo ulianguka kabla yake, ukazama kati ya magamba mawili ya shingo.

Joka liliamka. Wapakaji walikimbilia ngazi, nao wengi walikuwa na watoto wa kuwahi, hivyo hakuna wa kuwalaumu. Juu, vikombe vilianguka kutoka kwenye rafu na ukuta mmoja wa soko ukalala chini. Mchimba visima alieleza baadaye, kwa kiapo, kwamba aliliona jicho likifumbuka, pana kama mlango wa ghala, na mbele ya jicho lile shemeji yake akitembea kuelekea shingoni na ndoo yake mkononi, bila kukimbia, akizungumza kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Tulia, baba," alisema. "Juu ya bega lako kuna mshonaji aliyejifungua juzi, mtoto bado hajapewa jina. Kiunoni kuna yule mzee kiziwi, hana habari kwamba kuna kelele. Mume wangu yuko hapo juu ya kichwa chako na mikate iko tanurini. Binti yangu anasukwa nywele kizingitini. Najua inauma. Ngoja nikuchomoe huu mwiba."

Aliushika mtaimbo kwa mikono miwili. Damu ya joka ni moto, na chuma kilikuwa kimeshaiva. Ngozi ya viganja vyake ilishikamana nacho. Hakuachia. Alivuta mara ya kwanza, ya pili, chuma hakikutikisika. Ndipo alipogeuza uso kumtazama yule aliyemnyima kiti.

"Shemeji, njoo," alimwambia. "Peke yangu siwezi."

Mchimba visima alivua shati, akalizungushia chuma juu ya mikono ya shemeji yake, wakavuta pamoja mpaka mtaimbo ukatoka. Kisha, kwa kuwa viganja vya Mama Taratibu vilikuwa vimeharibika, alimwagiza shemeji amimine mafuta yote yaliyobaki ndooni kwenye jeraha na kuyasambaza. Yule bwana alianza kusugua kwa hofu na haraka, akaambiwa taratibu, akapaka taratibu, machozi yakimtoka. Joka liliwatazama wote wawili kitambo. Halafu jicho likafumbika polepole, pumzi ikarudi kwenye mwendo wake, na mji ukatulia. Hakuna aliyekufa siku ile.

Mchimba visima alimpandisha ngazi zote akiwa amembeba mgongoni. Hakumpeleka kwa mumewe kwanza. Alimpeleka nyumbani kwake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akawaita watoto waje wamwamkie mama yao mdogo.

Viganja vya Mama Taratibu havikukunjika tena maisha yake yote. Aliishi hadi uzeeni, na binti yake, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyemfunga na kumfungua vifungo vya nguo kila siku, wakicheka pamoja. Kifua kilipombana kwa mara ya mwisho ilikuwa mchana wa kazi. Binti aliuliza kama awaite wapakaji wapande kumuaga. Alitikisa kichwa.

"Waache wamalize upande wa kulia," alisema, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Alizikwa jioni, zamu ilipokuwa imekwisha, kama alivyotaka. Wengi waliokuwapo wanashuhudia kwamba jeneza liliposhushwa mtetemo laini ulipita chini ya nyayo zao, mfano wa mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo, na watoto wote wachanga wa mji wakalala. Tangu hapo wenye kukosa usingizi humwomba awaombee, na akina mama wanaobeba watoto wenye homa huita jina lake, na wengi wamesikilizwa. Benchi la mwisho kanisani sasa hujaa watu wa kila aina, na wapakaji hulalamika kwa utani kwamba wanakosa mahali pa kukaa.

Wajumbe wa askofu walipokuja kukusanya ushuhuda, walimkuta mchimba visima akiwa mzee sana, ameketi juani. Walimuuliza ni muujiza gani aliouona kwa macho yake, wakitarajia asimulie habari za jicho na mtaimbo.

"Niliona alivyoamka kesho yake," aliwaambia. "Mikono yote imefungwa vitambaa. Akaniomba nimfungie brashi kwenye kifundo cha mkono, akashuka kazini."

Ewe mwamini, hutaitwa kusimama mbele ya jicho la joka. Lakini kesho utaamka, na kuna kazi ambayo hakuna atakayekuona ukiifanya. Ishike, kwa ajili ya wale wote wanaoishi juu yake bila kujua, na uwapende kwa majina yao.