Jina la Mama Kati ya Mawe ya Madame Helen

Sisi tuliokulia Black Rock, hapa Buffalo, miaka ile familia zetu zimetoka kwenye kambi za wakimbizi, hatukuwa na simu ya kutuambia nje kuna baridi kiasi gani. Tulitoa pua dirishani. Theluji ikianza kuyeyuka na kudondoka matone kutoka kwenye paa, tulivaa mabuti yaliyotubana, tukacheza nzango, mchezo wetu wa kupiga makofi na kurusha miguu, kwenye lami yenye maji mpaka harufu ya bugali na visamaki vya sambaza ituite ndani.

Ndiyo majira ambayo jirani yetu, Madame Helen, alianza mambo yake. Alikuwa mzungu mzee aliyeishi peke yake, na mama yangu, Furaha, hakumwamini hata kidogo. Barua zetu zilikosea njia zikaangukia kwake, naye alizileta akitabasamu. Mama aliona tabasamu lile lina kitu nyuma yake. Halafu, wakati watu wote wakingoja joto, yeye alikuwa ameshapiga magoti kwenye baridi, akiokota majani makavu na kumwaga kokoto mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka samadi. Trei zake za mbegu zilikuwa zimelala chini ya theluji tangu Januari, makusudi. Kisha alichukua kibano na brashi ndogo, akagusa ua hili, akagusa lile, akayafunika kwa vifuko vya karatasi.

"Mutu muzima anavalisha maua kofia?" Mama alisema nyuma ya pazia. "Bon. Musikanyage kule. Na musimuambie kitu."

Mimi nilikuwa nimeshamwambia. Nilikuwa na miaka kumi. Siku moja aliniuliza kupitia uzio jina la mama, aliloliona kwenye bahasha, lina maana gani. Nikamjibu, akanipa biskuti, nikaimaliza kabla sijafika mlangoni.

Mwaka uliofuata Mama alikuwa akianika nguo akaona kibao cheupe cha plastiki kimechomekwa kati ya mawe ya jirani. Kiingereza hakukijua, lakini jina lake alijua kulisoma: FURAHA. Shuka lilimtoka mikononi. Kwetu, ukikuta jina lako limechomekwa ardhini kwenye uwanja wa mtu, usingizi umekwisha. Akanishika mkono, tukavuka.

"Muulize: jina yangu inafanya nini ndani ya udongo yake?"

Madame Helen aliinuka taratibu, uso umemwiva. Alieleza kwamba mimea ile ni ya milima mirefu, na mbegu zake hazioti zisipoonja baridi kali. Kwa miaka mingi alikuwa akihamisha unga wa ua moja kwenda kwenye ua la aina nyingine, akitafuta ua ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Trei nzima ilikufa, ukabaki mche mmoja. Akaupa jina lile kwa sababu binti huyu, yaani mimi, alimwambia maana yake.

Nilitafsiri yote isipokuwa sentensi ya mwisho.

Mama akanikazia macho. "Yeye amesema mingi, wewe umesema kidogo. Donc, ingine umeweka wapi?"

Nikasema, huku nalia, nikingoja kofi. Mama akainama. Kati ya mawe kulikuwa na kichaka kidogo kama ngumi ya mtoto mchanga, na ua moja la rangi ya waridi lisilozidi kifungo cha shati. Akachomeka kidole kwenye udongo.

"Muambie kwetu pia kuko milima na baridi. Maji ikizidi, itaoza. Aongeze mawe."

Madame Helen akaongeza mawe. Biskuti zake Mama hakuzionja hata siku moja, na kila bahasha aliigeuza mara mbili kuona kama imefunguliwa, mpaka bibi yule alipohamia kwa binti yake Louisville. Lakini kila Machi nilimkuta Mama ameegemea uzio, akihakikisha jina lake liko hai.

Siku hizi naishi Columbus. Watoto wangu hunijibu kwa Kiingereza, na humtumia ujumbe hata mtu aliye sebuleni. Wiki iliyopita kamera ya mlangoni ilituonyesha mzee wa nyumba ya pili ameinama ukingoni mwa bustani yetu, anachimba kitu.

"Usitoke, Mama," binti yangu akasema. "Inarekodi."

Tukamtazama kwenye kioo cha simu mpaka akaondoka. Nimekaa jirani naye miaka sita na jina lake silijui. Mama yangu angekuwa ameshasimama mbele yake, anamuuliza anachimba nini. Mimi nilihifadhi video.