Distributa Niliyobadilisha Shemeji Akiwa Kanisani

Niliua injini ya gari la shemeji yangu, halafu nikamwachia yeye lawama kwa miezi mitano. Naanza hapo kwa sababu najijua. Nikianzia mbali nitajipamba, na sistahili kupambwa.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Sasa naishi Buffalo, mtaa wa Black Rock, na kazi yangu ni kupakua maboksi kwenye ghala. Lakini ukikutana nami hutasikia habari za maboksi. Utasikia kwamba mimi ni fundi. Kambini nilitengeneza pikipiki na jenereta, watu wakaniita Fundi, na jina hilo nikaja nalo Amerika kama vile ni digrii.

Shemeji yangu Deo, mume wa mdogo wangu Neema, kule kambini alikuwa mshona nguo. Wao wanaishi Louisville, yeye yuko kiwandani. Miaka sita iliyopita alinunua mzoga wa gari la Kimarekani la miaka ya sitini: milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane, aina ile ambayo wazee wa hapa wakiliona barabarani wanageuza shingo. Lilikuwa limeliwa na kutu mpaka ukikaa ndani unaona ardhi chini ya miguu.

Deo akalifufua. Mtu ambaye hakuwahi kushika spana! Alisoma, aliuliza, aliandika kila hatua kwenye daftari la shule. Kila aliponipigia simu kuuliza jambo nilimjibu, "Shemeji, hiyo siyo suruali." Alicheka. Deo ni mtu wa kucheka hata ukimchoma. Nami niliona ni haki yangu, mimi si ndiye kaka mkubwa wa mke wake?

Gari lilipoanza kutembea, alisema safari yake ndefu ya kwanza itakuwa kuja Buffalo, kumchukua mama yetu anayekaa West Side na kumpeleka kuona maporomoko ya Niagara. Mama akatangaza kwa kina mama wote wa kanisani kwake. Akashonesha kitenge kipya. Mimi nikapanda basi hadi Louisville, eti nimsindikize shemeji njiani. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta kasoro.

Nilizunguka lile gari nusu siku. Nilifungua, nilichungulia, niligonga. Sikuona kasoro. Usiniulize kwa nini jambo hilo liliniuma, kwa sababu jibu lake ni la aibu.

Tulitoka Jumamosi. Tulipokaribia Columbus injini ikaanza kukohoa, nami moyoni nikafurahi. Tukalala hapohapo Columbus, mtaa wa Linden, kwa Papa Justin, Mkongo rafiki yake Deo, mpakia nyama kiwandani na mpenda magari ya zamani kama yeye. Wakafungua na kukuta tatizo liko kwenye distributa, kile chombo kinachogawa moto kwa plagi, kila moja kwa zamu yake. Mhimili wake ulikuwa umelegea, unacheza.

Papa Justin alikuwa na distributa nyingine, ya injini ya kampuni ileile, ukubwa uleule. Ukiziweka pamoja, ni pacha. Tofauti ilikuwa chini kabisa, kwenye ile gia inayoshikana na kamshafti, mhimili unaofungua na kufunga vali ndani ya injini.

"Bon, Deo," Papa Justin akasema, "hii iko ya moteri ya zamani. Meno yake iko laini. Wewe uliweka kamshafti ya mupya, ya stili. Donc, basi, ile stili itaikula hii."

"Kweli," Deo akasema. "Tuhamishe gia yangu tuiweke kwenye hii yako. Lakini tundu la pini yake lazima litobolewe kwa mashine, gia isikae upande. Jumatatu tutafute mtu."

Nikawaangalia wote wawili. Mshona nguo na mpakia nyama wa kiwandani wananifundisha mimi injini.

"Nimebadilisha distributa nyingi kuliko suruali ulizoshona," nikamwambia Deo.

Sikuwahi kubadilisha hata moja. Pikipiki hazina distributa.

Jumapili wakaenda wote kanisani. Mimi nikasema mgongo unaniuma. Walipokunja kona tu, nikafungua boneti, nikatoa distributa ya Deo, nikaweka ya Papa Justin kama ilivyo, na gia yake laini. Iliingia vizuri, nikaona hilo peke yake ni ushahidi kwamba wao ni waoga. Nikawasha. Injini ikaunguruma safi, bila kikohozi hata kimoja. Ile ya Deo nikaifunga kwenye gunia na kuificha kwenye begi langu.

Waliporudi, Deo aliusikia mlio akiwa bado barabarani. Alikuja anakimbia na viatu vyake vya kanisani.

"Umeweka ile ya Papa Justin?"

"Nimeweka."

"Na gia?"

"Nimehamisha yako. Kazi ndogo tu."

Kosa langu ni hapo penyewe. Si kwenye spana, si kwenye injini. Ni hapo.

"Ulitobola na nini?" Papa Justin akauliza.

"Na drili yako."

Aliangalia rafu ambako drili yake ilikuwa imelala na vumbi lake. Akaniangalia mimi. "Bon," akasema, akaingia ndani. Alinistahi mbele ya shemeji yangu. Mimi nikadhani nimemshinda.

Deo akaniwekea mkono begani. "Kumbe kweli wewe ni fundi, kaka." Akanipa na ufunguo niendeshe mimi.

Tulipita Cleveland tunaimba. Tulipokuwa tunaikaribia Erie, sindano ya presha ya oili ikaanza kushuka. Deo ndiye aliyeiona.

"Kaka, simamisha."

"Geji za zamani zinadanganya."

"Niliibadilisha mwenyewe, ni mpya. Simamisha, tafadhali."

Sikusimama. Ningesimama angefungua, na angefungua angeona. Nikaendelea kama maili nne, yeye akiniomba, mpaka chini ya injini kukaanza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo. Kisha ikakata.

Sasa naelewa kilichotokea, na hata wewe usiyejua magari utaelewa. Kamshafti ngumu ilisaga meno ya gia laini. Ungaunga wa chuma ukaingia kwenye oili, ukaenda kila mahali. Na mhimili wa distributa ndio huohuo unaozungusha pampu ya oili. Yaani sehemu niliyoidharau ndiyo iliyokuwa imeshika roho ya injini nzima.

Deo hakupiga kelele. Alikaa kwenye majani kando ya barabara, malori yakitupita, akafungua daftari lake. Akaanza ukurasa wa kwanza, kidole mstari kwa mstari, anatafuta alipokosea.

"Labda sikukaza pampu vizuri," akasema. "Au sikusafisha vizuri ndani. Itakuwa mimi."

Mimi nilikuwa nimesimama juu yake. Nilikuwa na nafasi yangu. Nikamwambia, "Nilikwambia injini siyo suruali."

Gari lilivutwa hadi uani kwangu Black Rock. Mama alikuwa amekuja kwangu, amekaa kibarazani tangu mchana na kitenge chake kipya. Deo alipiga magoti akamwomba radhi mkwe wake, nami nikiwa pale pale, nimekunja mikono kama hakimu. Baadaye nikaitupa ile distributa ya Deo niliyoificha kwenye pipa la taka la ghalani.

Wiki mbili baadaye Deo akaliuza gari kwa mzee mmoja wa hapa Buffalo, kwa bei ya bodi tu. Mimi nikawa nasimulia kwenye maduka ya West Side jinsi mshona nguo alivyojaribu kuunda injini. Watu walicheka sana. Mjinga akipata wasikilizaji hujiona mchekeshaji.

Neema alinipigia kutoka Louisville. "Kaka, Deo amegawa vifaa vyake vyote. Jana taa ya jikoni iliungua, anasema tumwite mtu anayejua." Nilimwambia mume wake amejifunza adabu. Nilisema hivyo kwa mdogo wangu.

Mwezi wa tano baada ya safari ile, yule mzee aliyenunua gari akafungua injini. Akampigia Deo kuuliza ni nani aliyeweka gia ya chuma laini kwenye kamshafti ya stili, akamtumia na picha. Meno yalikuwa yamebaki makali kama wembe.

Deo akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Kaka, gia hukuhamisha."

Nikatoka nje, simu sikioni.

"Niambie tu."

"Sikuhamisha."

"Ulijua siku ile pale barabarani?"

"Nilijua."

"Injini ningetengeneza nyingine," akasema. "Lakini miezi mitano nimekuwa sijiamini hata kufunga skrubu. Na wewe ulikuwa unajua." Akaniaga kwa heshima, akakata.

Deo ameanza gari lingine. Nimesikia kwa watu, yeye hanipigii tena kuniuliza chochote. Neema akija Buffalo anafikia kwa mama na kuondoka bila kupita Black Rock, na si mbali hata kidogo. Mama alikwenda Niagara na kina mama wa kanisani, kwa basi. Picha alizopiga aliwaonyesha majirani, mimi hakunionyesha. Nami sina cha kudai. Ghalani wananiita kwa namba ya beji yangu, na sasa naona hilo ndilo jina ninalolistahili.

Ninyi mnaoitwa mafundi, na ninyi mnaopenda kuitwa, nisikilizeni. Vitu viwili vinaweza kufanana kwa nje na ndani visipatane. Hilo linajifunzwa, na kutolijua si dhambi. Lakini mtu akikuuliza, "Umeangalia?" na hukuangalia, mwambie hukuangalia. Atakasirika jioni moja tu. Mimi nilimjibu vinginevyo, na hadi leo, tukikutana kwa mama, shemeji yangu akiniuliza habari nikasema nzuri, huniangalia kwanza usoni, kama mtu anayepima kama hata hiyo nzuri ni ya kweli.